Blokucheni na mafaili ya wafanyakazi wa hoteli: nimjibu nini mkurugenzi?

SWALI

"Assalaamu alaykum. Mimi ni afisa rasilimali watu wa kampuni yenye hoteli mbili Unguja, Kiwengwa na Paje, na nyengine ndogo Pemba. Kila msimu unapokaribia tunaajiri vijana wengi kwa haraka, na kila mwaka tunakuta vyeti vya kughushi na barua za uzoefu za uongo kutoka hoteli nyengine. Pia tumewahi kuwa na mgogoro na mfanyakazi aliyedai kuwa tarehe ya kuanza kazi iliyomo kwenye faili si ile aliyoisaini, na sisi hatukuwa na njia ya kuthibitisha. Sasa mkurugenzi amekutana na kampuni inayouza mfumo wa blokucheni kwa ajili ya wafanyakazi. Wanasema taarifa zikishaingia humo hakuna wa kuzighushi, mikataba itajitekeleza yenyewe na mishahara itajilipa. Nimetakiwa kutoa maoni kwa maandishi kabla ya kikao cha bodi. Nikikataa nitaonekana naogopa teknolojia. Nikikubali, mfumo ukishindwa lawama ni yangu. Nianzie wapi?"

JIBU

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla karatasi haijasainiwa.

Muuzaji amewafungia matatizo matatu ndani ya kifurushi kimoja. Kuna cheti cha kughushi ambacho mwombaji anakuja nacho mlangoni. Kuna faili linaloguswa ofisini baada ya watu kusaini. Na kuna malipo. Blokucheni (blockchain), yaani kumbukumbu za kompyuta zilizofungamanishwa na kuwekwa nakala kwa watu mbalimbali, ina msaada wa kweli kwenye tatizo la pili. Kwenye la kwanza inasaidia kwa sharti ambalo haliko mikononi mwenu. La tatu ningeliweka pembeni kabisa kwa sasa. Naomba nikueleze mambo yanavyofanya kazi ndani, kwa sababu ukilielewa hilo utaweza kusimama mbele ya bodi bila kumtegemea muuzaji wala kunitegemea mimi.

Msingi wa kila kitu ni heshi (hash), yaani alama fupi inayotambulisha faili. Chukua faili lolote la kompyuta, tuseme mkataba wa ajira uliokwisha skaniwa. Iko fomula ya hisabati, inayotumika zaidi inaitwa SHA-256, ambayo hulisoma faili zima na kutoa mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Faili lile lile litatoa mfuatano ule ule kila siku, kwenye kompyuta yoyote. Ukibadilisha nukta moja tu, mfuatano wote unageuka. Andika abc kwa herufi ndogo, bila nafasi wala mstari mpya, utapata heshi inayoanza na ba7816bf. Andika ABC kwa herufi kubwa, inaanza na b5d4045c. Hazifanani hata kidogo, na huwezi kuichukua heshi ukaigeuza kurudi kuwa faili. Huhitaji kununua chochote kulijaribu hili. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Jaribu leo kwa mkataba mmoja wa zamani.

Blokucheni ni kumbukumbu zilizopangwa kwa mafungu, kila fungu likibeba heshi ya fungu lililotangulia. Ni kama daftari la duka ambalo kila ukurasa unaanza na jumla iliyoletwa kutoka ukurasa wa nyuma: anayechezea hesabu ya mwezi uliopita anaziharibu kurasa zote zilizofuata, na kosa linaonekana. Kisha nakala za kumbukumbu hizo zinakaa kwa watu mbalimbali, ili asiwepo mmoja wa kuziandika upya zote kimya kimya. Basi. Sarafu za mtandaoni ni matumizi mamoja tu ya wazo hili, na wazo lenyewe limezitangulia. Stuart Haber na Scott Stornetta walieleza namna ya kufunga tarehe za nyaraka kwa minyororo ya heshi mwaka 1991, na kuanzia 1995 kampuni yao ilikuwa ikichapisha heshi kwenye gazeti la New York Times kila wiki, ili mtu yeyote aweze kuthibitisha kwamba nyaraka fulani ilikuwepo siku hiyo na haijaguswa tangu hapo. Bitcoin ilielezwa 2008 na kuanza kazi Januari 2009. Nataka uushike mfano wa lile gazeti, kwa sababu ndio utakaowasaidia nyinyi: nguvu ya ushahidi ule ilikuwa kwamba heshi ilikaa mahali ambapo kampuni yenyewe haiwezi kupafikia na kupafuta.

Sasa turudi kwa muuzaji. Anaposema hakuna wa kughushi, ni kweli kwa taarifa iliyokwisha kuingia, nakala zikiwa kwa watu mbalimbali. Kwa taarifa inayoingia, mfumo hauna macho. Kijana akileta cheti cha hoteli na utalii kilichotengenezwa kwenye duka la fotokopi, na karani wenu akakiskani na kukiingiza, blokucheni itakihifadhi cheti hicho cha uongo kwa uaminifu mkubwa. Tena mwakani mtu mwengine atakiona humo na kukiamini zaidi kwa sababu kimo kwenye mfumo usioghushika. Hapa ndipo ninapoiona hatari kubwa ya ununuzi huu.

Tazama namna vyeti vya kughushi vilivyokamatwa Tanzania Bara. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kilichowakamata ni Baraza la Mitihani kulinganisha vyeti vile na kumbukumbu zake lenyewe. Aliyekitoa cheti ndiye aliyesema hiki ni changu na hiki si changu. Nyinyi pia njia hiyo mnayo: matokeo ya kidato cha nne na cha sita ya vijana wa Unguja na Pemba yako kwa Baraza hilo hilo, na chuo chochote halali kinaweza kuandikiwa barua pepe. Shida ni kwamba mnaajiri mwezi wa Mei mvua za masika zikiwa zinakatika, wageni wa Juni wamekwisha lipia vyumba, na hakuna anayesubiri jibu la chuo. Kwa hiyo mnaajiri kwanza na kuhakiki baadaye, au hamhakiki kabisa. Pengo hilo ni la kalenda na utaratibu. Hakuna programu itakayoliziba.

Kuna jambo jengine ambalo wauzaji wa mifumo hii hawalijui, lakini wewe unalijua kuliko mtu yeyote. Fungua faili moja la mfanyakazi wa Pemba. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis. Cheti cha skuli kimeandikwa Hamisi. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina Khamis, lakini jina la babu limefupishwa. Barua ya sheha imeandikwa kwa mkono na jina la tatu ni la ukoo ambalo halimo mahali pengine. Kwenye kadi ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kuna Hamis bila i. Wewe unajua ni mtu mmoja kwa sababu umemwona na umemuuliza. Heshi haijui. Kwake hizo ni nyaraka tano zisizohusiana, na herufi moja iliyokosewa siku ya kwanza inabaki humo daima, ikisubiri siku mtu huyu atakapodai mafao yake. Kusafisha majina haya, faili kwa faili, mkiwa na mfanyakazi mwenyewe mezani, ni kazi ya kuchosha na haina mvuto kwenye kikao cha bodi. Lakini bila kazi hiyo, mfumo wowote mtakaonunua, wa blokucheni au wa kawaida, utakuwa umejengwa juu ya makosa.

Swali linalofuata ni nani ataishika nakala. Nguvu ya blokucheni inatokana na pande nyingi zisizoaminiana kikamilifu, kila moja ikiwa na nakala yake. Muulize muuzaji: nakala ya pili itakuwa kwa nani? Akisema kompyuta zote zitakuwa za kampuni yenu, au zote zitakuwa kwake, basi anayezimiliki anaweza kuziandika upya zote, na mtakuwa mmenunua hifadhidata ya kawaida iliyo nzito na ghali zaidi. Hifadhidata ya kawaida yenye kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, pamoja na nakala rudufu nzuri, itawatosha.

Na akisema hoteli nyengine zitajiunga, muulize zipi, na zimesaini wapi. Mifumo ya pamoja hufa kwa kukosa wenzake. Maersk na IBM, makampuni makubwa kiasi kile, walianzisha mfumo wa blokucheni wa TradeLens mwaka 2018 kwa ajili ya nyaraka za mizigo ya meli. Novemba 2022 walitangaza kuifunga, kwa sababu ushirikiano wa sekta nzima waliokuwa wakiutarajia haukupatikana. Hoteli tatu peke yake hazitafanikiwa pale ambapo wale walikwama.

Muuzaji huenda akakutajia Estonia kama nchi inayoendesha serikali kwa blokucheni, wengi huitaja. Mfumo unaounganisha ofisi za serikali ya nchi ile, X-Road, si blokucheni. Wanachokifanya ni kutumia heshi zilizounganishwa ili kuthibitisha kwamba baadhi ya kumbukumbu hazijaguswa, na kumbukumbu zenyewe zinabaki kwenye hifadhidata za kawaida. Huo ndio mpangilio wa busara, na ndio nitakaokupendekezea kwa kiwango chenu.

Sikusudii kuikandia teknolojia hii. Ipo sehemu ambapo inafaa hasa kwa watu wetu, nayo ni cheti kinachotoka kwa mtoaji kikiwa tayari na sahihi ya kidijitali, yaani alama ya kompyuta inayothibitisha nani amekitoa. Mwaka 2017 chuo cha MIT cha Marekani kiliwapa baadhi ya wahitimu wake shahada zilizoweza kukaa kwenye simu, heshi zake zikiwa zimewekwa kwenye blokucheni ya Bitcoin, na mwajiri yeyote angeweza kuzihakiki bila kukipigia chuo simu. Mwaka 2019 shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilipitisha kiwango cha hati za namna hii, na kiwango hicho hakilazimishi hata kutumia blokucheni. Hebu fikiria mpishi msaidizi aliyefanya kazi misimu minne katika hoteli nne tofauti, Nungwi hadi Chake Chake, na kila hoteli imempa cheti cha utumishi ambacho anacho mwenyewe kwenye simu, na mwajiri wa tano anakihakiki papo hapo. Leo hii kijana huyo anatembea na bahasha ya plastiki, na barua moja ikilowa kwenye boti ya Pemba amepoteza mwaka mzima wa maisha yake ya kazi. Hilo linaniuma, na linaweza kutengenezeka. Lakini angalia sharti lake: lazima mtoaji ndiye aanze. Nyinyi kama mwajiri mnayepokea vyeti hamuwezi kuvifanya viwe vya kweli. Kama mwajiri mnayetoa vyeti vya utumishi, mnaweza kuanza kesho.

Naomba bodi ilisikilize na hili la faragha. Kinachowekwa kwenye blokucheni hakifutiki, na ndicho muuzaji anachojisifia. Lakini mfanyakazi ana haki ya taarifa zake kusahihishwa, na wakati mwengine kufutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazungumzia haki hizo. Kwa hiyo jina, namba ya kitambulisho, ripoti ya daktari, onyo la nidhamu, hata kimoja kisiingie kwenye blokucheni. Muuzaji atasema hawaweki taarifa, wanaweka heshi yake tu. Kwa mkataba mzima uliosainiwa na kuskaniwa, hilo linakubalika. Kwa namba ya kitambulisho halitoshi: namba zina mpangilio unaojulikana, na kompyuta inaweza kuzijaribu zote moja baada ya moja hadi heshi ilingane. Vivyo hivyo kwa sababu ya likizo ya ugonjwa, ambayo ina majibu machache tu ya kukisia. Mtaalamu anayejua kazi yake atakuambia kwamba huchanganya herufi za nasibu zilizo siri kabla ya kupiga heshi. Asiyelielewa swali hili ukimuuliza, usimkabidhi taarifa za watu.

Na wakija na wazo la orodha ya pamoja ya wafanyakazi waliofukuzwa, likatae waziwazi. Msichana wa miaka ishirini anashutumiwa kwa pete ya mgeni iliyopotea, anaachishwa kazi, na pete inaonekana ndani ya sanduku la mgeni mwenyewe. Orodha isiyofutika inaweza kuongezewa maelezo, lakini shutuma inabaki ya kwanza kusomwa, hoteli zote za pwani, miaka yote. Visiwa vyetu ni vidogo, hana pengine pa kwenda kuomba kazi.

Kuhusu mikataba inayojitekeleza sitachukua muda mrefu. Ni programu inayosema likitokea hili, lipa lile. Nayo inategemea kuambiwa kilichotokea. Anayeiambia ni mashine ya vidole mlangoni, au msimamizi wa zamu. Mashine ikigoma siku mbili, au mhudumu akihamishiwa Pemba katikati ya mwezi, programu italipa kimakosa na kurekebisha itakuwa vita. Tena mshahara kulipwa kwa sarafu za mtandaoni hapa kwetu ni jambo la kulikimbia: Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizo hazitambuliwi nchini. Mishahara iendelee kupita benki, kwa shilingi, na hati ya mshahara ionyeshe makato yote ikiwemo michango ya ZSSF.

Kwa hiyo, kama ningekuwa kwenye kiti chako, ningeandika hivi. Kwanza, tatizo la kampuni lipo na mkurugenzi amefanya vizuri kulitafutia dawa. Hilo liandike kwa moyo, maana ni kweli. Pili, uhakiki wa vyeti kwa mtoaji ufanyike kabla ya mkataba kusainiwa, na ili muda upatikane, maombi ya kazi za msimu yafunguliwe Februari badala ya Mei. Asiyehakikiwa kwa wakati apewe mkataba mfupi wa majaribio wenye kifungu kinachosema wazi kwamba ajira inategemea majibu. Tatu, majina yote yasafishwe Aprili, hoteli zikiwa na wageni wachache.

Nne, na hapa ndipo mgogoro wenu wa tarehe ungekuwa umekwisha mapema: siku ya kusaini, mkataba uskaniwe hapo hapo mbele ya mfanyakazi, faili lipigwe heshi, na zile herufi 64 zitumwe pamoja na faili lenyewe kwenye barua pepe ya mfanyakazi, na nakala kwa mtu wa nje ya ofisi yako, tuseme wakili wa kampuni. Mfanyakazi akiwa na tawi la chama cha wafanyakazi, nao wapate. Ikiwa kesho mtu ataligusa faili ofisini, heshi haitalingana na ile iliyoko kwa mfanyakazi. Umepata kile ambacho gazeti la New York Times liliwapa wale wanasayansi, kwa gharama ya barua pepe. Angalizo moja ambalo watu hulikosea: mkiskani karatasi ile ile mara ya pili, heshi itakuwa nyengine, kwa hiyo faili la kwanza ndilo lihifadhiwe na lisifunguliwe kwa programu inayolihifadhi upya. Na msitume picha ya mkataba kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu huwa inabanwa na kubadilika. Itumeni kama faili.

Tano, anzeni kutoa vyeti vya utumishi vyenye sahihi ya kidijitali kwa kila anayemaliza msimu, na zungumzeni na hoteli jirani wafanye hivyo hivyo kwa muundo mmoja. Siku mkifikia hoteli nyingi na vyuo kadhaa vinavyotaka kumbukumbu ya pamoja isiyomilikiwa na mmoja, fungueni tena mjadala wa blokucheni. Wakati huo mtakuwa na sababu ya kuwa nayo, na data safi ya kuiweka.

Bodi ikiamua kununua hata hivyo, usikubali mkataba bila majibu ya maandishi kwa maswali haya: muuzaji akifunga kampuni yake, tunatoka vipi na data zetu, na kwa muundo gani? Nani anashika funguo za siri za kampuni, zile za kutilia sahihi ya kidijitali, na anayezishika akiacha kazi inakuwaje? Taarifa ikiingia kimakosa, mfanyakazi anaionaje na inasahihishwaje? Cheti tulichokitoa kikibatilishwa, anayekihakiki atajuaje?

Yako mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Ajira Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na sheria ya taarifa binafsi niliyoitaja ni ya Muungano, kwa hiyo kaa na wakili wa hapa Zanzibar akueleze mipaka ya kila moja na namna ushahidi wa kielektroniki unavyopokelewa. Ule mgogoro wa tarehe, kama bado uko hai, usiusubirishe mfumo mpya. Mchukue mfanyakazi na nyaraka zote mlizonazo muende Kamisheni ya Kazi, mkiwa na orodha za mahudhurio na hati za mshahara za miezi ile ya mwanzo, pamoja na taarifa ya michango kutoka ZSSF. Mwezi wa kwanza wa mchango wake utawaambia mengi kuhusu siku aliyoanza kazi.